Uso wa Mgonjwa Katika Beni

Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Hadi ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 kati yao wamefariki.

Vijana wapendwa, tumfikirie mmoja wao. Ana homa, ametengwa na ndugu zake, na anayemhudumia amefunikwa tangu utosi hadi unyayo, macho tu yakionekana nyuma ya miwani. Atajuaje kwamba huyo ni binadamu mwenzake? Familia nyingine ziliwaficha wagonjwa wao nyumbani, nami sithubutu kuzihukumu. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo hata vilishambuliwa.

Huko Beni, shirika la ALIMA lilitumia vyumba vyenye kuta za plastiki angavu kama kioo. Katika kuta hizo ilipachikwa mikono yenye glavu, ili muuguzi aweze kumhudumia mgonjwa akiwa nje, bila kuvaa lile vazi zito lenye joto kali. Hivyo mgonjwa aliuona uso wa muuguzi wake. Mama naye aliweza kusimama karibu na ukuta, akamtazama mwanawe na kumwita kwa jina.

Nao waliopona, kwa kuwa miili yao ilikuwa imepata kinga, walirudi vituoni kuwalea watoto ambao wazazi wao walikuwa wamelazwa. Waliwapakata, wakawalisha, wakawabembeleza mpaka wakalala.