Nywele za Kuchonga: Sanamu za Wamangbetu na Mgeni

Mwanasesere wa plastiki anayeuzwa katika masoko ya Butembo na Beni aghalabu huwa amekwisha kutengenezwa kichwa kabla hajafika: nywele zake zimefinyangwa pamoja na fuvu na kupakwa rangi kiwandani, ughaibuni. Ni rahisi kumlinganisha na sanamu za kaskazini-mashariki ya Kongo na kudai kwamba huyu ni wa soko, ilhali zile ni za mila tupu. Historia ya sanamu zenyewe haiungi mkono dai hilo.

Msafiri atokaye Beni kuelekea kaskazini, akiisha kuvuka msitu wa Ituri, hufika nchi ya Uele wanakoishi Wamangbetu. Huko mtoto wa ukoo bora alifungwa kamba kichwani tangu uchanga mpaka fuvu likarefuka, desturi iliyoitwa lipombo. Mwanamke alipokua, nywele zake zilisukwa juu ya kiunzi cha vijiti, zikaelekea nyuma na kupanuka mithili ya ungo. Kazi hiyo ilidai muda mrefu na mikono ya mtu mwingine. Kwa hiyo nywele zilitangaza cheo kabla mwenyewe hajanena.

Mjerumani Georg Schweinfurth alifika katika baraza la mfalme Mbunza mwaka 1870. Alisifu majumba, silaha na ngoma, lakini sanamu za watu hazina nafasi kubwa katika maelezo yake. Miaka arobaini baadaye hali ilikuwa nyingine. Herbert Lang na James Chapin, waliotumwa na jumba la makumbusho la historia ya viumbe la New York, walikaa Kongo kuanzia 1909 hadi 1915 wakikusanya maelfu ya vitu. Wachongaji na wafinyanzi waliona upesi kilichompendeza mgeni. Vichwa vyenye nywele za ungo vikaota juu ya vinubi, mitungi, mipini ya visu na vifuniko vya makasha ya magome. Enid Schildkrout na Curtis Keim walilieleza jambo hili kwa kina mwaka 1990.

Ushahidi mmoja umo katika nywele zenyewe. Schweinfurth alieleza shungi refu la mviringo, kama bomba lililoinamia nyuma. Sanamu nyingi zina mtindo uliopanuka, ule wa mwanzo wa karne ya 20. Mchongaji hakunakili mababu, bali wanawake aliowaona kila siku.

Je, sanamu hizo ni za uongo? La hasha. Hazikuwa kama mwana hiti wa Wazaramo, anayechongwa ili mwari amtunze kama mtoto. Machifu walizitoa kuwa zawadi, na zawadi kwa afisa wa kikoloni ilikuwa siasa: Wamangbetu walijichagulia sura ya kuonyeshwa mgeni. Ila mgeni naye aliichukua sura hiyo na kuifanya yake. Picha ya Nobosudru, iliyopigwa katika msafara wa magari ya Citroën wa 1924–1925, ilienea Ufaransa na kugeuzwa pambo.

Ufinyanzi wa mitungi yenye vichwa ulififia baada ya miongo michache, na lipombo ikaachwa kufikia katikati ya karne. Michirizi ya nywele ingali inasomeka kwenye udongo uliochomwa, katika makabati ya New York na Tervuren.