Herufi moja iliyobeba siri za wasichana wa shule Japani

Aliyesoma shule ya bweni ya wasichana hapa nchini anajua kwamba mgeni wa kidato cha kwanza hupata 'mama' wa kumwelekeza, na haichukui muda kabla hajajifunza msamiati usiopatikana katika kamusi yoyote. Kanuni zikikaza, wanafunzi hubuni lugha yao. Mfano bora wa jambo hili unatoka mbali kidogo: Japani.

Mnamo 1899, serikali ya Japani iliamuru kila mkoa uwe na angalau shule moja ya upili ya wasichana. Lengo lilifumbatwa katika kaulimbiu ryōsai kenbo, yaani mke mwema, mama mwenye busara. Msichana kuonekana na mvulana ilikuwa fedheha. Haya basi, wasichana wakapendana wao kwa wao, na uhusiano huo wakaupa jina la herufi moja tu: esu, yaani S, herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza tunalolitamka 'sista'.

Aliyetangulia darasa aliitwa onēsama, dada mkubwa. Wa chini yake alikuwa imōto, mdogo wake. Waliandikiana barua, wakapeana zawadi, wakaoneana wivu. Je, ulikuwa urafiki au mapenzi? Neno esu halikumlazimisha mtu kujibu, na nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu yake.

Mwandishi Yoshiya Nobuko alianza kuchapisha hadithi za mahusiano hayo mwaka 1916, katika mfululizo uitwao Hana Monogatari, yaani 'Hadithi za Maua'. Wasichana walizipenda mno. Yoshiya mwenyewe hakuolewa. Aliishi na mwenzake, Monma Chiyo, hadi alipofariki 1973.

Watu wazima walivumilia esu maadamu iishie kwenye ndoa. Lakini mwaka 1911, wahitimu wawili wa shule moja ya Tokyo walijitoa uhai pamoja mkoani Niigata. Ghafla magazeti yakaanza kupambanua urafiki 'safi' na ule wa 'kuogopwa'. Kilichokuwa siri ya darasani kikawa hoja ya wataalamu.

Hata usemi wa wasichana hao ulishutumiwa. Mwaka 1888, mwandishi Ozaki Kōyō alilalamikia miishio ya sentensi zao, kama vile -teyo na -dawa, eti haikuwa na staha. Ajabu ni kwamba baadaye miishio iyo hiyo ilikuja kuhesabiwa Kijapani cha mwanamke mwenye adabu!

Kwetu neno 'shoga' limepitia njia ya kinyume. Kamusi zinalisajili kuwa jina waitanalo wanawake walio marafiki, na Pwani bado utasikia 'shoga yangu'. Hata hivyo, kwa wengi leo limegeuka tusi la kuwarushia wanaume, na wapo wanawake wanaosita kulitamka. Neno halikukosa; sikio la jamii ndilo lililobadilika.

Mwaka 1947, sheria mpya ya elimu Japani ilifungua mlango wa wavulana na wasichana kusoma pamoja, na esu likafifia. Lililobaki ni funzo kwa mzazi au mwalimu anayenasa kibarua chini ya godoro. Kabla hajakichana na kuita kikao cha nidhamu, hebu asome tena maneno yaliyomo. Huenda yanasema upweke zaidi kuliko utovu wa adabu.