Msuli wa moyo
Msuli wa moyo ni tishu inayounda sehemu kubwa ya ukuta wa moyo na kusukuma damu mwilini. Ni mojawapo ya aina tatu za misuli ya binadamu. Nyingine ni misuli ya mifupa, inayotii hiari, na misuli laini ya viungo kama utumbo na kibofu. Chini ya hadubini, msuli wa moyo huonyesha milia kama misuli ya mifupa, ila hujikunja bila hiari. Seli zake ni fupi, zenye matawi, na nyingi zina kiini kimoja. Huungana kwa visahani vinavyopitisha umeme kutoka seli hadi seli, hivyo chumba kizima cha moyo hujikunja karibu kwa pamoja. Pigo huanzia katika chumba cha juu cha kulia, mara 60 hadi 100 kwa dakika kwa mtu mzima aliyepumzika. Seli zinazokufa kwa kukosa damu huacha kovu lisilojikunja.