Popoo la Risasi na Kiraka Chake

Katika zama ambazo bunduki ilijazwa baruti kwa mdomoni, na mwenyewe kusimama akishindilia kabla ya kuthubutu kuiinua begani, watu waliojua kulenga shabaha walitambua jambo ambalo waandishi wa tarikhi ya vita wamelipita upesi mno, nalo ni kwamba ustadi wa silaha yao haukutoka katika chuma cha kasiba peke yake, wala katika popoo la risasi peke yake, bali katika kipande cha kitambaa kilichopakwa mafuta na kuwekwa baina ya viwili hivyo.

Gobori la kawaida la askari, lenye kasiba laini, halikutaka adabu hiyo. Ile iliyoitwa Brown Bess, waliyoichukua askari wa Kiingereza katika karne ya 18, ilikuwa na tundu la milimita 19, hali popoo lake halikuzidi sana milimita 17 na nusu. Nafasi hiyo iliachwa kwa makusudi, maana baruti nyeusi huacha masizi mazito, na askari aliyetakiwa apige mara tatu kwa dakika hakuwa na wasaa wa kushindana na risasi iliyokwama njiani. Basi popoo likatoka likigonga ukuta huu na huu, na kumpata mtu mmoja aliye mbali zaidi ya hatua mia kukawa ni bahati kuliko maarifa. Magobori yaliyofika pwani yetu katika karne ya 19 yalikuwa aghalabu ya namna hiyo. Na biashara yake ilikuwa kubwa kiasi cha kutajwa katika mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani, uliosharutisha kwamba katika kisiwa cha Unguja bunduki, baruti na risasi zisiuzwe ila kwa Serikali.

Mafundi wa nchi za Kijerumani walikuwa wamekwisha kupata dawa ya ugonjwa huo, kwa kuchonga ndani ya kasiba mifereji iliyojipinda kama parafujo, ili popoo litoke likizunguka na kushika njia yake. Lakini dawa hiyo ilileta taabu yake: popoo lisiloshikwa na mifereji halizunguki, na popoo lililobana hata likashikwa haliingii ila kwa kugongwa, nalo likigongwa huharibika umbo. Hapo ndipo kiraka kilipoingia kazini. Popoo lilisubiwa dogo kuliko tundu, likavikwa kitani kilichopakwa shahamu, na kitambaa ndicho kilichoingia katika mifereji na kulizungusha, bila risasi yenyewe kugusa chuma.

Elimu hiyo ilivuka bahari pamoja na wahamiaji wa Kijerumani na wa Kiswisi waliokwenda Pennsylvania, na huko, katika mji wa Lancaster na vitongoji vyake, mafundi wakarefusha kasiba hata ikapita mita moja, na taratibu wakapunguza upana wa tundu. Sababu yake ni hesabu ya mwindaji anayekaa msituni miezi na kila kitu amekibeba mwenyewe: ratili moja ya risasi hutoa mapopoo 20 tu ya milimita 15 na nusu, bali hutoa kama 40 ya milimita 12 na nusu, na zaidi ya 50 yakiwa ya milimita 11. Baadaye, ndugu wawili wa ukoo wa Hawken, mafundi wa St. Louis, walirudi kwenye tundu pana, kwa kuwa wateja wao walikwenda magharibi kwenye nyati na dubu wakubwa, na mnyama wa namna hiyo hafanyiwi ubahili wa risasi.

Kwa kuwa kila kasiba ilitobolewa kwa mkono, na hapakuwa na mbili zilizolingana sawasawa, fundi alimpa mnunuzi bunduki pamoja na kalibu yake. Kitambaa alijitafutia mwenyewe. Kipimo kinachofuatwa mpaka leo ni kwamba popoo lipungue tundu kwa robo ya milimita hivi, na kitambaa kiwe na unene wa kadiri ya thuluthi moja ya milimita au kuzidi kidogo. Atakayejumlisha ataona kuwa mzigo umekuwa mpana kuliko mlango, na ni kweli; ila kitambaa hubanwa, kingine huingia mferejini, na risasi laini isiyochanganywa na madini mengine hupokea alama za nyuzi usoni mwake.

Hakimu wa mwisho ni kiraka chenyewe, ambacho huanguka hatua chache mbele ya mpigaji. Kikiokotwa kizima, chenye duara safi la masizi katikati, vipimo vimepatana. Kikiwa kimeungua, basi moto umepenya pembeni, kwa kuwa kitambaa ni chepesi, au popoo ni dogo, au mafuta hayakutosha. Kikiwa kimekatwa, lawama huenda kwenye ncha kali za mdomo wa kasiba, au popoo limebana kupita kiasi. Binafsi sijui silaha nyingine ya zamani inayomweleza mwenyewe makosa yake kwa uwazi namna hii.

Jeshi la Uingereza lilipoikubali bunduki ya Ezekiel Baker mwaka 1800, askari wa kwanza walipewa hata vinyundo vya mbao vya kuanzishia popoo mdomoni, vikaachwa baadaye. Kwa bunduki hiyo ndipo Thomas Plunket, wa kikosi cha 95, alipomuua Jenerali Colbert wa Ufaransa huko Cacabelos, Januari 1809. Miaka 40 baadaye Mfaransa Claude-Étienne Minié akatoa risasi yenye ncha na kitako wazi, iliyoingia kwa wepesi na kutanuka kwa nguvu ya baruti, na majeshi yakaachana na viraka.

Msomaji atakayebahatika kuiona bunduki ya Pennsylvania katika jumba la makumbusho asiishie kutazama kasiba na mtambo. Atazame pia ubavu wa kitako, penye kifuniko cha shaba ya manjano kilichonakshiwa, kwani chini yake ndimo mwindaji alimoweka viraka vyake.