Kikoa cha Nchi: Herufi Mbili Zenye Mali

Anayetaka kuisoma tovuti ya Halmashauri ya Wilaya ya Same huandika samedc.go.tz. Jicho husoma kutoka kushoto. Mitambo ya intaneti huanzia kulia: kwanza tz, halafu go, mwisho samedc. Kila ngazi hapo ni kikoa, na ile ya kulia kabisa, yenye herufi mbili za taifa, ndiyo kikoa cha nchi.

Mafundi wengi wa kompyuta husema domeni, na wanaelewana. Mimi nachagua kikoa. Wazee wa pwani walikula kikoa: watu wa rika au jirani wakilishana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Walioliingiza neno hilo kwenye intaneti walilisogeza mbali kidogo na sinia, lakini wazo la kundi limebaki: majina mengi chini ya mwangalizi mmoja. Tena linanyumbulika vizuri. Tunasema vikoa, kikoa cha juu, kikoa kidogo, bila kuuvunja ulimi.

Upareni, iliko Same, mpangilio huu wa ngazi hauhitaji mchoro. Chukua ndiva ya Manoo, bwawa dogo la umwagiliaji katika bonde la Makanya. Maji hukusanywa usiku, asubuhi yakafunguliwa kwenye mfereji mkuu, yakagawanywa kwenye mifereji midogo hadi shambani. Anayefungua ndiva hana haja ya kulijua kila tuta la mahindi. Anajua mfereji unaofuata. Seva za shina la intaneti nazo hazijui samedc ni nani. Zinajua tu nani anatunza orodha ya tz, na huko ndiko zinakomwelekeza muulizaji, ngazi kwa ngazi, mpaka anwani ipatikane. Yote haya humalizika kabla hujakohoa.

Herufi zenyewe hazichaguliwi kwa mapenzi ya wenye nchi. Hutoka kwenye orodha ya kimataifa ya ISO 3166, na orodha hiyo haipimi ukubwa wa eneo. Ndiyo maana Tuvalu, visiwa vya Pasifiki vyenye watu wapatao 11,000, vilijikuta na .tv, herufi ambazo kila kituo cha televisheni duniani kinazitamani. Vikazikodisha, na sehemu ya fedha hizo ikasaidia kugharimia uanachama wa Umoja wa Mataifa, uliopatikana mwaka 2000. Anguilla, kisiwa cha Karibi, kina .ai; wimbi la akili unde lilipopanda, mwaka 2023 kilivuna takriban dola milioni 32 kwa majina tu. Hakuna kiwanda kilichojengwa wala samaki aliyevuliwa.

Kwetu .tz ilisajiliwa mwaka 1995. Mwaka 2006 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na TISPA, chama cha watoa huduma za intaneti, wakaunda tzNIC kuisimamia. Zanzibar, ingawa ni visiwa, haina herufi zake kwenye orodha ile. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kinapatikana suza.ac.tz. Comoro wana .km, Shelisheli wana .sc.

Hiyo .sc ndiyo mtego ninaotaka kuutaja kwa jina. Chini ya tz kuna vikoa vya kazi maalumu: go kwa serikali, ac kwa vyuo, co kwa biashara, or kwa mashirika, na sc kwa shule. Shule ya Suji, Gonja au Mamba ikijisajili huko, anwani yake itaishia na sc.tz. Mchoraji wa kibao akiona nafasi imembana akaikata tz, mzazi aliyeko Dar es Salaam anayetafuta fomu ya kujiunga atakuwa anabisha hodi Bahari ya Hindi, kwa Washelisheli, ambao hawana habari naye. Kwa hiyo, mwalimu mkuu, kabla rangi haijakauka pale getini, soma anwani kutoka kulia, uhakikishe tz ipo.