Norton, Boxer na Keria ya Izigo

Aprili 2020, nusu ya dunia ikiwa imejifungia ndani kwa hofu ya korona, kampuni ya TVS ya Hosur, kusini mwa India, ilitoa pauni milioni 16 taslimu na kuichukua Norton, kampuni ya pikipiki ya Kiingereza iliyokuwa imefilisika. Sidhani kama yupo dereva wa bodaboda wa Izigo, mkoani Kagera, Tanzania, aliyezima injini ili asikilize habari hiyo redioni. Hata hivyo, kama kuna watu waliostahili kuletewa taarifa mapema, ni wao. TVS ndiyo hiyo hiyo wanayoipanda kila siku kutoka migombani hadi barabara kubwa ya Bukoba na Muleba. Jina lililotajwa kwa heshima miaka na miaka kwenye mashindano ya Isle of Man limehamia nyumba moja na pikipiki inayobeba mikungu ya ndizi.

Na si Norton peke yake. Royal Enfield ya Redditch ilianza kuundwa Madras mwaka 1955. Kiwanda cha nyumbani kilipokufa, tawi la India ndilo lililobaki na jina. BSA ilinunuliwa mwaka 2016 na Classic Legends, kampuni ya kundi la Mahindra. Triumph nayo imeungana na Bajaj ya Pune, watengenezaji wa Boxer, na mwaka 2023 wakatoa Speed 400, Triumph inayoundwa Chakan, India. Ukisimama kijiweni ukazihesabu Boxer na TVS, unahesabu ndugu na mashemeji wa Triumph na Norton.

Kazi ya kuibadili pikipiki ifuate matakwa ya anayelipa ni ya zamani kuliko undugu huo. BSA ilianzishwa Birmingham mwaka 1861 na mafundi wa bunduki, ndiyo maana alama yake ni bunduki tatu zilizosimamishwa zikiegemeana. Pikipiki yake kamili ya kwanza ilitoka mwaka 1910. Huko Nottingham, kati ya 1919 na 1940, George Brough alitengeneza Brough Superior zipatazo 3,000 tu. Kila moja iliungwa mara mbili: mara ya kwanza kuhakikisha kila kipande kinakaa mahali pake, kisha ikafunguliwa yote, ikapakwa rangi na nikeli, ikaungwa tena. T. E. Lawrence, yule afisa wa vita vya Uarabuni, alizimiliki saba, moja baada ya nyingine, na alikuwa ameagiza ya nane. Ya saba ndiyo aliyopata nayo ajali iliyomuua mwaka 1935.

Huo ulikuwa ufundi wa matajiri. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia BSA iliushusha kidogo: mnunuzi wa pikipiki yake ya Gold Star alichagua kama anaitaka ya barabarani, ya matopeni au ya mashindano, na gia na tanki vikafuata chaguo lake. Pikipiki ilitoka kiwandani na karatasi inayoonyesha nguvu ya injini yake jinsi ilivyopimwa.

Lakini habari ninayoipenda ni ya Triton, kwa sababu ilizaliwa kwenye mabaki. Mwaka 1950 Norton ilianza kutumia kwenye pikipiki zake za mbio fremu iliyobuniwa na ndugu wawili wa Belfast, Rex na Cromie McCandless, na hakukuwa na fremu iliyoshika kona kama hiyo. Wakati huo huo madereva wa magari madogo ya mbio, ya sentimita za ujazo 500, waliitamani injini ya Norton Manx, pikipiki ya mbio yenye fremu hiyo. Norton haikuuza injini pekee. Basi mwenye fedha alinunua pikipiki nzima, akang'oa injini, na fremu akaitupa kando. Vijana wasio na fedha wakaziokota fremu hizo na kutia injini za Triumph, zilizopatikana kwa urahisi zaidi. Norton na Triumph, ukizichanganya: Triton. Dave Degens, fundi na mwendeshaji wa London, alishinda kwa mashine ya namna hiyo mbio za saa 24 za Barcelona mwaka 1965.

Tazama vijana wale waliokusanyika Ace Cafe, kaskazini magharibi mwa London, walimwomba fundi nini. Toa mudgadi. Toa kiti kirefu. Shusha usukani mwendeshaji alale juu ya tanki. Walitaka maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160, na kila gramu ilikuwa adui. Matakwa ya mnunuzi yalikuwa kupunguza.

Kagera ombi lilikuwa kinyume tangu mwanzo, na ombi lenyewe lililetwa na kahawa. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na kutoka hapo meli za Ziwa Victoria zikawa zinateremsha Bukoba bidhaa za Kiingereza na kuondoka na magunia ya robusta. Ushirika wa wakulima, Bukoba Native Cooperative Union, uliundwa mwaka 1950, na miaka iliyofuata bei ya kahawa ilipanda kuliko wazee walivyowahi kuiona. Nyumba zikaezekwa kwa mabati, na baiskeli ya Raleigh ikaegeshwa ukutani. Fundi wa kwanza wa matakwa ya mnunuzi katika vijiji hivi, kwa maoni yangu, ni fundi baiskeli. Aliyeongeza nondo kwenye keria ya Raleigh ili ibebe gunia la kahawa hadi chamani alikuwa ameshaanza kazi ambayo wajukuu zake wanaifanya kwa mashine ya kuchomelea.

Pikipiki za Kiingereza zenyewe zilikuwa chache, nyingi mikononi mwa serikali, misheni na wafanyabiashara. Zikawa yatima kwa wazazi wote wawili. Upande mmoja BSA ilianguka mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kiwanda cha Triumph cha Meriden kikafungwa mwaka 1983. Upande wa pili vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yakavuka mpaka na kuingia Kagera mwaka 1978, na fedha za kigeni zikaadimika nchi nzima. Aliyehitaji pistoni ya BSA wakati huo alihitaji muujiza. Nafasi yake ikachukuliwa na Honda na Yamaha za bwana shamba, za paroko na za miradi.

Tuseme leo mtu ameikuta BSA ya 1955 kwenye ghala la babu, anaisukuma hadi kwa fundi wa Izigo na kusema, "Waitu fundi, nitengenezee, ila iwe ninavyotaka mimi." Fundi ataanza na spana, na hapo hapo atakwama. Sanduku lake ni la milimita: namba kumi, kumi na mbili, kumi na nne, kumi na saba. Nati nyingi za BSA zinataka spana za kipimo cha Whitworth, kilichopangwa na Joseph Whitworth mwaka 1841, na namba iliyochongwa kwenye spana hiyo inataja unene wa bolti, si upana wa nati inayoshikwa. Namba moja ya milimita inacheza, ya chini yake haiingii. Anayelazimisha kwa nyundo anabaki na nati ya mviringo. Meno ya bolti za Whitworth nayo yamekatwa kwa pembe ya nyuzi 55, wakati ya zile za milimita ni 60. Bolti ya dukani itazunguka mara mbili, itakaza, kisha itaharibu uzi.

Akivuka hapo anaingia kwenye umeme. Volti sita, na kwenye nyingi za miaka hiyo waya wa chanya ndio umefungwa kwenye bodi. Taa ya LED ya Kichina ikiunganishwa kwa mazoea, haiwaki, au inawaka mara ya mwisho. Halafu miguu: gia ziko kulia, breki ya nyuma kushoto. Kijana aliyezoea Boxer akiteremka kilima, akikanyaga mguu wa kulia atafute breki, atapata gia.

Ningekuwa mwenye pikipiki, ningemwambia fundi abadili umeme wote uwe wa volti 12, na bushi zilizokwisha zikakerezwe Bukoba mjini, lakini gia aziache upande wake. Mwendeshaji ajifunze. Nairobi kuna mashindano ya Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970, ambako magari na pikipiki za zamani hupangwa uwanjani zikiwa zimeng'arishwa majaji wazikague. Sioni BSA ya babu ikifika huko. Nadhani Izigo itapewa keria.

Maana keria ndiyo moyo wa ufundi huu tangu bodaboda ilipoingia. Pikipiki za Kichina, SanLG na wenzake, ndizo zilizofungua mlango kwa bei yake. Mwaka 2010 serikali ikatoa kanuni za kuruhusu pikipiki kubeba abiria kwa leseni, na Boxer na TVS zikajaza vijiwe. Zote zinatoka dukani na keria nyembamba, ya mkoba. Mkulima wa Muleba hana mkoba. Ana mikungu, ana gunia la kahawa, ana ndoo za dagaa kutoka Kemondo, na siku nyingine ana mgonjwa.

Fundi mchanga huchomelea keria ndefu kwenda nyuma, mteja akafurahi kuona nafasi. Kilima cha kwanza kinamsuta: mzigo ukipita nyuma ya ekseli, tairi la mbele linakuwa jepesi, usukani hausikii, na pikipiki inataka kusimama kwa mguu mmoja. Fundi mzoefu hupanua kwa pembeni, akausogeza mzigo mbele kadiri paja la dereva linavyoruhusu, kisha akaweka kulabu za kufungia mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Nyuma anaweka sproketi yenye meno mengi zaidi, ili injini ivute kilima na kasi ipungue tambarare. Nyayo za stendi ya kati zinaongezwa bamba pana, kwa kuwa Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka na stendi nyembamba huzama. Ongeza, ongeza, ongeza. Wale vijana wa London wangelia.

Gumu zaidi ni kujua mnunuzi ni nani. Pikipiki nyingi ziko barabarani kwa mkataba: bosi ananunua, kijana anaendesha na kupeleka hesabu, na miezi ikitimia kadi inabadilishwa kuwa ya jina lake. Kwa hiyo chuma kimoja kina wenye matakwa wawili. Bosi husema iachwe kama ilivyotoka dukani, kijana asije akairudisha kabla ya wakati ikiwa na matundu. Kijana husubiri mzee aondoke, kisha humnong'oneza fundi kuhusu kiti kilichorefushwa kwa ajili ya mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, ingawa sheria inataka mmoja tu. Fundi mwenye busara hukataa hicho na kumwekea anachoweza kukifungua kwa spana bosi akipita: kitambaa chekundu cha kiti, ulimi wa mpira kwenye mudgadi wenye rangi za Simba au Yanga, ngao ya mbele iliyofungwa kwa bolti badala ya kuchomelewa.

Siku kadi inapobadilishwa, bolti huondoka na moto wa kuchomelea huingia. Kijana huyo sasa ni mnunuzi kamili, na mara nyingi haji mikono mitupu. Anakuja na keria ya pikipiki iliyokufa, ya kaka yake au ya jirani, iliyokatwa kwa greinda kutoka kwenye SanLG ambayo injini yake iliishia kwenye vyuma chakavu. Fundi anaipima kwenye TVS mpya, anakata sentimita chache mbele, anaongeza mguu mmoja kushoto unapokaa mkungu mzito, na kumtajia bei ya kuchomelea tu, maana chuma ni cha mteja mwenyewe.