Deni Bila Joho

Sheria iliyounda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, hii tunayoiita Helb, ni Sura ya 213A ya sheria za Kenya. Kifungu chake cha 13 kinasema aliyekopa ataanza kulipa ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo yake, au wakati bodi itakapoamua kuitisha mkopo wake, lolote litakalotangulia. Nimekisoma kifungu hicho mara nyingi kuliko mtu ambaye si wakili anavyopaswa kukisoma. Aliyekiandika alikuwa na picha ya mtu fulani kichwani: amevaa joho, amepigwa picha na shangazi zake, ameenda kutafuta kazi. Sisi tulioondoka katikati tunaishi ndani ya lile neno "au".

Niliingia chuo 2018 na nikatoka Januari 2020, mwaka wa pili ukiwa nusu. Deni langu lilikuwa shilingi 80,000. Si pesa nyingi ukilinganisha na za wasee wanaodaiwa laki tatu. Lakini mwenye laki tatu ana karatasi ya kuonyesha. Nilipoanza kulipa nilitaka kujua ni nani aliyeamua kwamba elimu ya Mkenya iwe deni, na kama aliwahi kuwaza kuhusu mtu wa aina yangu. Nikaanza kusoma historia, kitu ambacho, kwa bahati mbaya, sikuwa nikikifanya sana nilipokuwa darasani.

Mwanzo wenyewe ni wa kikoloni. Mwaka 1952 serikali ya Waingereza ilianzisha hazina ya mikopo kwa Wakenya waliopata nafasi kwenye vyuo nje ya Afrika Mashariki: Uingereza, Marekani, India na kwingineko. Mwaka huo huo ndio hali ya hatari ilitangazwa, kwa hiyo usidhani ulikuwa mwaka wa ukarimu. Wengi waliosoma nje miaka hiyo hawakusomeshwa na hazina hiyo bali na watu wao. Ndege ya kwanza ya Tom Mboya ilipoondoka Septemba 1959 na wanafunzi 81, karo zilikuwa za wafadhili wa Marekani, lakini nyuma ya vijana wale kulikuwa na ng'ombe waliouzwa na harambee zilizofanywa chini ya miti. Deni la namna hiyo halina riba wala namba ya akaunti. Linalipwa kwa kurudi, kwa kujenga nyumba ya bati, kwa kusomesha watoto wa kaka yako. Na ukirudi bila digrii hakuna anayekuandikia barua. Watu wanaongea tu.

Baada ya uhuru serikali ilichukua jukumu lenyewe. Ukiingia Makerere, Nairobi au Dar es Salaam, ulilipiwa masomo, chakula na kitanda, na mkononi ukapewa posho. Kwa upande wako ulifungwa na mkataba wa kuitumikia serikali miaka mitatu baada ya kuhitimu. Hii sehemu hunivutia sana. Lilikuwa deni kamili, ila lililipwa kwa kazi, na kazi ilikuwepo. Nchi ilikuwa inawaondoa Wazungu maofisini na ilihitaji watu wa kukalia viti vyao. Leo ukimwambia kijana wa miaka 23 kwamba adhabu ya kusomeshwa ni kupewa kazi ya serikali kwa miaka mitatu atakuuliza fomu inapatikana wapi.

Mabadiliko yalikuja mwaka wa masomo wa 1974/75. Wanafunzi walikuwa wameongezeka, bei ya mafuta ya dunia ilikuwa imepanda mwaka uliotangulia, na serikali ikaanzisha Mpango wa Mikopo ya Wanafunzi wa Vyuo Vikuu chini ya Wizara ya Elimu. Posho ikageuka mkopo. Kwenye karatasi tu, lakini. Mpango wenyewe haukuwa na nguvu ya kisheria ya kudai mikopo ilipoiva, na karibu kila mtu, wanafunzi na wazazi wao, aliamini kuwa zile ni pesa za bure kutoka serikalini. Waliziita bumu. Jina lenyewe linakuambia watu walivyozichukulia. Hakuna anayeita deni bumu.

Mjomba wangu mmoja alikuwa Nairobi miaka hiyo. Nilimuuliza kama aliwahi kutia sahihi fomu ya mkopo.

"Nilitia sahihi vitu vingi," akasema. "Foleni ilikuwa ndefu, mjomba. Unaweka sahihi, unapewa hela, unaenda kununua suruali ya miguu mipana."

"Na ulijua utalipa?"

"Nimlipe nani? Serikali ndiyo ilikuwa inanihitaji mimi."

Alicheka, lakini aliendelea na jambo lingine ambalo sikulitarajia. Zaidi ya miaka 30 baada ya ile suruali, alitaka nafasi kwenye bodi fulani ya kaunti. Katiba ya 2010 ilikuwa imeleta Sura ya Sita, ile ya maadili ya viongozi, na watu wakaanza kuitishwa cheti cha Helb pamoja na cha ushuru na cha polisi. Akaenda kuulizia cheti. Mkopo wa enzi za Mzee Kenyatta ulikuwepo, unamsubiri, na jina lake limeandikwa sawasawa. Alilipa wiki hiyo hiyo. Anachokumbuka zaidi ni kwamba yule binti wa kaunta alimwita "shikamoo mzee" huku akimkabidhi taarifa ya deni.

Kuna kundi la miaka hiyo ambalo sijalikuta kwenye historia rasmi za mikopo. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka. Wanafunzi walikamatwa, wengine wakafukuzwa, wengine wakavuka mpaka. Titus Adungosi, mwenyekiti wa chama cha wanafunzi cha SONU, alihukumiwa miaka 10 jela na akafia humo 1988. Waliofukuzwa walikuwa wamekopa kama wenzao, maana mkopo ndio ulikuwa njia ya kawaida ya kuishi chuoni. Mimi nikisikia mtu akisema "aliyeacha chuo" kana kwamba ni tabia, kama kuacha sigara, huwafikiria hao. Nchi hii imekuwa na watu wengi walioachishwa chuo, na hesabu za pesa zao hazikufungwa kwa sababu tu mwenyewe yuko Naivasha au Dar.

Kisha pesa ziliisha kweli. Ripoti ya Kamunge ya 1988 ilipendekeza wazazi na wanafunzi wagawane gharama na serikali, Benki ya Dunia ilikuwa inasukuma wazo hilo hilo, na mwaka 1990 kundi la kwanza la 8-4-4 likaingia vyuoni na kuvijaza hadi kwenye korido. Mwaka 1991 wanafunzi wakaambiwa walipe karo ya shilingi 6,000 kwa mwaka, bumu ikaondolewa, na chakula kikawa cha kununua kwa sahani. Kulikuwa na maandamano, mawe, vyuo vikafungwa. Waliokuwepo bado wanaongea kuhusu kifo cha bumu kama watu wanavyoongea kuhusu kifo cha ndugu.

Helb yenyewe ilizaliwa Julai 1995, na safari hii Bunge liliipa meno. Riba ikawa asilimia 4 kwa mwaka, ambayo ukiangalia apu za mikopo za siku hizi ni karibu zawadi. Shida iko kwenye faini: shilingi 5,000 kwa kila mwezi wa kutolipa. Faini hiyo haiangalii ukubwa wa deni. Kwa mtu wa laki nne ni kero. Kwa deni langu la 80,000, riba ya mwaka ni 3,200, lakini faini ya mwaka ni 60,000, na ndani ya miezi 16 faini inakuwa imelingana na mkopo wenyewe. Sasa fikiria ni nani hukopa kidogo. Ni yule aliyekaa chuoni kidogo. Sidhani kuna aliyekaa mezani akapanga iwe hivyo. Ndivyo hesabu inavyotoka ukiandika sheria ukimfikiria mhitimu tu. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba bodi pia inabanwa na ile kanuni ya mabenki inayozuia riba na faini kulivusha deni mara mbili ya mkopo wa awali. Ni uamuzi mkubwa, ingawa sikuona mtu akiusherehekea mtaani.

Mimi niliondoka kwa sababu babangu, dereva wa matatu, alivunjika nyonga, na nyumba yetu ilikuwa na mshahara mmoja. Niliandika barua ya kuacha masomo wiki ya kwanza ya Januari, nikaipeleka idarani, ikagongwa muhuri. Mwezi Februari simu ikalia: mkopo wa muhula wa pili umeingia. Shilingi 16,000 kwangu, na 4,000 za karo moja kwa moja kwa chuo. Kumbe kwenye orodha yao nilikuwa bado mwanafunzi.

Mamangu alisema Mungu amejibu. Mimi nikamwambia, "Mama, hizi si zangu, mimi si mwanafunzi tena."

"Za nani basi?"

"Za Helb."

"Na hizo zingine ulizokula zilikuwa za nani?" Sikuwa na jibu, kwa sababu hakika zote zilikuwa mkopo, na zote nitalipa. Zile 16,000 zililipa kitanda cha hospitali, na babangu akaruhusiwa kwenda nyumbani. Mwezi uliofuata Corona ikafunga vyuo vyote nchini, na kwa muda kila mtu niliyemjua akawa ameacha chuo. Ukweli ni kwamba ilinipa nafuu ya moyo.

Zilizobaki kunikera ni zile 4,000. Muhula ule sikukaa kwenye kiti hata siku moja. Chuo kilipokea karo ya mtu ambaye barua yake ya kuondoka ilikuwa na muhuri wao wenyewe.

Nina rafiki aliyesoma chuo kidogo kule Minnesota akaacha. Wamarekani, ambao kwa mambo ya madeni ya wanafunzi si watu wa kuigwa, wana kanuni moja ambayo naitamani. Tangu marekebisho ya sheria yao ya 1998, mwanafunzi aliyepewa msaada wa serikali kuu akiondoka kabla muhula haujafika asilimia 60, siku zinahesabiwa. Muhula una siku 105, umeondoka siku ya 42: umestahili asilimia 40 ya msaada, na iliyobaki inarudi. Sehemu yake chuo lazima kiirudishe chenyewe, ndani ya siku 45. Ukivuka asilimia 60, msaada wote ni wako. Rafiki yangu aliichukia kanuni hiyo, kwa sababu chuo kilirudisha pesa serikalini halafu kikamgeukia yeye kumdai pengo. Kwa hiyo si pepo. Lakini angalau kule kuondoka kuna tarehe, na tarehe ina maana ya pesa, na mtu mwingine zaidi ya mwanafunzi ana wajibu wa kurudisha kitu.

Huku kwetu swali hili linakua. Mfumo mpya wa ufadhili ulitangazwa Mei 2023, ukawagawa wanafunzi kwa makundi kulingana na uwezo wa nyumbani, na gharama ya kozi ikaanza kuandikwa kwa bei yake halisi, laki kadhaa kwa mwaka kwa kozi nyingine. Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume na katiba Desemba 2024, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo mwaka uliofuata, na wanafunzi wakaendelea kusoma ndani ya kesi. Zamani aliyeondoka mwaka wa pili alibeba deni kama langu. Wa leo anaweza kubeba deni la kununua probox. Na mabishano yote niliyoyasikia yalikuwa juu ya makundi, nani amewekwa kundi la matajiri ilhali mamake anauza mboga. Ni haki yao kulalamika. Ila sikusikia mtu akiuliza zile laki zinaenda wapi mwanafunzi akitoka muhula ukiwa na wiki tatu.

Mimi hulipa 2,000 kwa mwezi. Sina payslip ya kukatwa, kwa hiyo natuma mwenyewe kwa simu, mwezi mwingine baada ya gazeti kunilipa makala ya miezi mitatu iliyopita, mwezi mwingine kabla ya kulipa keja. Mwaka jana nilirudi chuoni kuomba barua inayoonyesha tarehe kamili niliyoondoka, ili nidai zile 4,000 zirudishwe kwenye akaunti ya mkopo. Karani alitafuta, akapata jina langu, akasema mfumo unaonyesha niko mwaka wa pili, muhula wa pili, na sijasajili masomo. Nikamwonyesha nakala yangu yenye muhuri. Akaiangalia mbele na nyuma, akaipiga picha kwa simu yake, akaniambia aliyekuwa kwenye idara ile wakati huo alihamishwa, nipige Jumanne.